Mama Wawili, Koti Moja

Jumatatu, 1 Septemba

Mama amelikata koti la baba.

Naliandika ili niliamini. Naandika nyuma ya daftari la vipimo, upande ambao wateja hawaufungui. Mbele kuna viuno na mabega ya watu, huku nyuma kuna mambo yangu na Mola wangu.

Nilikwenda kununua zipu. Narudi saa nne asubuhi namkuta mezani, anaimba, mkasi unakwenda kriii, mstari umenyooka kama rula. Nikasema mashallah, mkono wa mama yangu! Kisha nikaiona rangi ya majivu. Sufu. Koti!

Koti hilo alilishona mwenyewe usichanani, la kwanza maishani mwake kulikata. Baba alilivaa siku ya posa, na kila Ijumaa mpaka alipofariki. Miaka kumi na moja limelala kabatini ndani ya shuka. Kila mwezi Mama alikuwa akilitoa, analipiga brashi, analinusa, analia kidogo, analirudisha.

“Mama, hilo si koti la baba?”

“Ndilo. Sufu nzuri hii. Natoa foronya mbili za viti.”

“Mama!”

“Sasa atalivaa nani, mwanangu? Au unamngojea arudi?”

Akacheka. Si kwa ubaya. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu — hakukuwa na ubaya hata chembe.

Na hakuweka kiganja. Chumba chetu cha kushonea kina sharti moja, alinifunza nikiwa na miaka saba. Kabla ya mkasi, kiganja. Unaweka kiganja juu ya kitambaa, unasema Bismillahi, unangoja pumzi moja. Kitambaa kikishakatwa hakina toba. Hata miaka yote ya kutetemeka kwake alikuwa anaweka kiganja yeye, mimi nakata. Leo mkasi umetangulia.

Nimeokota vipande. Saba. Mkono mmoja wa koti uko mzima.

Jumatano, 3 Septemba

Nianze mwanzo, maana Mola anajua lakini mimi nasahau.

Mama ana miaka sitini na nane. Miaka tisa alitetemeka — mkono wa kulia, kisha yote miwili, kisha kidevu. Kikombe kililia kwenye sahani yake kabla hajafika mezani. Tasbihi yake iligonga mpaka mimi niliyekuwa kwenye cherehani, chumba cha pili, nilijua amefika punje ya ngapi. Nikaomba. Nilifunga, nikalia kwenye sijda, nikasema: Ya Rabbi, tuliza mkono wa mama yangu, sikuombi jingine.

Sikuombi jingine! Nani alinituma kusema vile? Mtu akiomba aombe na pindo lake, asiache nguo inachanika chini.

Miezi mitatu iliyopita madaktari wakamtoboa kichwa. Waya mbili, nyembamba kama uzi wa kutarizi, zinapita nyuma ya sikio zinashuka mpaka chini ya mtulinga, mfupa ule wa juu ya kifua, penye betri ya kutia umeme ubongoni. Fundi wa kifaa akabonyeza, mkono ukatulia. Pale pale! Daktari mwenyewe alijipangusa macho. Kumbe kidogo kidogo wiki baada ya wiki wanapandisha namba ya umeme, na kwa kila namba mkono unazidi kunyooka na kuna kitu kingine kinaondoka, sikukiona kikiondoka.

Sasa anaimba tangu alfajiri. Hachoki. Alikwenda msibani kwa jirani akasifia mapazia. Na hasali. Hakukataa, hakukufuru. Nilimuuliza kwa upole, akanijibu kwa upole: “Pale nilikuwa napeleka haja zangu. Sasa sina haja.” Kama mtu aliyekaribishwa chakula akasema ameshiba.

Tasbihi iko kwenye msumari. Nyumba kimya.

Ijumaa, 5 Septemba

Kaka alikuja baada ya kazi. Anafundisha fizikia sekondari, kila kitu kwake kina maelezo. Nikamwonyesha vipande vya koti. Akavitazama, akavirudisha. 

Akasema binadamu alianza kujirekebisha siku aliyovaa kiatu. “Wewe hapo una miwani. Ivue basi, tuone kama utalijua jicho la sindano liko wapi.”

“Miwani yangu hainikatazi kumlilia baba.”

“Betri haimkatazi mtu. Imemwondolea huzuni. Watu wangapi wanaitafuta nafuu hiyo?”

“Huzuni ni ugonjwa?”

“Ikizidi.”

“Yake ilizidi lini? Mara moja kwa mwezi, kwa brashi!”

Hapo akatoa la moyoni, na limeniuma mpaka sasa. Akasema nimesahau kwamba kabla ya ugonjwa Mama alikuwa hivi hivi, mwepesi, mkali, hana muda na machozi. Mimi nilikuwa kwa mume wangu, Mungu amrehemu. Nilirudi nikamkuta mgonjwa, nikampenda mgonjwa. “Huyo unayemlilia, dada yangu, ni maradhi. Mama mwenyewe ndiye huyu.”

Mama akapaza sauti kutoka jikoni: “Nawasikia! Mnanigawana kama mirathi na mimi bado nakula!”

Tukacheka wote watatu. Ndiyo taabu ya huyu mama mpya. Anachekesha.

Nimekaa nawaza. Miaka tisa nilimfunga vifungo vyake kila asubuhi, nikimlisha kwa kijiko. Sasa anavifunga mwenyewe, anakula mwenyewe, hana shida nami. Je, nalilia roho ya mama yangu au nalilia vifungo? Nimejiogopa.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimekwenda kwa Shehe. Akauliza taratibu. Anajua leo ni siku gani? Anajua. Anawatambua wanawe? Anatutambua. Kibla anakijua? Hata jana alimwelekeza mgeni. Basi si mwendawazimu, akasema. Anafanya ukaidi? Hafanyi. Basi... akazungusha kikombe chake cha chai, mara mbili, mara tatu.

“Binti yangu, vitabu nilivyosoma mimi havina betri.”

Nilitaka kucheka, nikamtazama, nikaona na yeye hana mbele wala nyuma. Akasema tumuombee. Nikamwambia Shehe wangu, nilishaomba. Huko ndiko yalikotokea haya.

Jumatatu, 8 Septemba

Nilimwekea vipande mezani. Nikasema Mama, mkono wako sasa ni kama wa malaika, liunge koti tena, kwa ajili yangu tu. Akapima kwa macho, fundi kama fundi. Akasema linaungika, mishono itajificha ndani, siku mbili tu. Moyo ukaniruka! Kisha akasema: “Lakini la nini?”

Koti la nini? Kama mtu hasikii uchungu, utamwambiaje?

Nimevificha vipande chini ya mabaki ya sare za shule. Alhamisi, kutwa kliniki.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku ndefu. Niandike yote kabla hayajachanganyika.

Chumba cha kliniki kina pazia la kijani na kiti cha magurudumu kinachovuta upande. Daktari ni mwanamke wa umri wangu. Fundi wa kifaa ana ndevu za mvi, na ni mcheshi. Alianza kwa kutengeneza redio, mwenyewe kasema. Kumbe mama yangu yuko mikononi mwa fundi redio! Anashika tableti, anateleza kidole, na kichwani mwa mtu mambo yanapanda na kushuka.

Nikawaeleza habari ya koti, ya msiba, ya sala. Mama pembeni yangu anatikisa kichwa kama anayesikiliza habari za mtoto mtundu wa mtu mwingine.

Fundi redio akasema nisishangae. Akasema wako watu wazima, hawaumwi popote, wanaoandika barua kuomba wawekewe — wasisahau, wasichoke, wasihuzunike. Eti binadamu tunayemjua ni toleo la kwanza tu, watakuja walio bora. Nikamuuliza, hao wasiohuzunika watazikana vipi? Akasema labda hawatakufa. Nikamuuliza: “Na roho umeikuta namba ngapi?” Akacheka. Akaacha kucheka. Akaniambia, “Dada, mimi nimekuta umeme tu. Lakini hata kwenye redio sikuwahi kumkuta mtangazaji.”

Daktari akaamua: tushushe, tuone. Mama akasema shusheni, mtaona wenyewe mnavyonisumbua. Alikuwa namba tatu nukta nne. Ikashuka. Tatu. Mbili nukta saba — hapo katikati ndipo pabaya kuliko pote, mkono unatetemeka na macho hayapo, ulimi mzito. Mbili nukta moja.

Wimbo ukakatika. Kidevu kikaanza. Mkono ukaanza, ule wa kulia kwanza, kama zamani. Akanitazama. Akaniita jina langu la utotoni, kwa vile nilikuwa mnene kama kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, nikibingirika chini ya meza ya kushonea.

“Bobini.”

Miezi mitatu sijaitwa!

“Bobini, koti la baba yako liko wapi?”

Akajitazama mikono.

“Nimelikata. Si ndiyo? Nilikuwepo. Nilikuwa nafurahi.” Akalia kilio kile chake kisicho na sauti, mabega tu.

Daktari akachuchumaa mbele yake, akamuuliza anataka namba ipi. Akasema: “Msinirudishe kule. Kule simkosi mtu.” Kisha akataka maji, glasi ikagonga meno, maji yakamwagika kifuani, akautazama mkono wake kama mtu anayetazama deni la zamani. “Toba. Nilisahau ulivyo mzito.”

Wakampandisha. Uso ukatakata. Swali lile lile. “Ya juu, bila shaka! Yule mwingine kazi yake kulia tu, msimsikilize.”

Daktari akasema kanuni yao ni kufuata kauli ya mgonjwa.

“Kauli ipi, Daktari?”

Akavua miwani. “Hilo,” akasema, “sikufundishwa.”

Wametupatia rimoti ndogo, vitufe viwili tu. Juu na Chini. Wiki mbili. Nikae naye, niandike asemayo huku na asemayo kule, tarehe ishirini na tano nirudi na daftari na namba iliyochaguliwa, na sahihi yangu kando ya yake. Mimi! Niliyeishia darasa la saba, nipime mama yangu yupi ni mama yangu. Mabega na viuno ndiyo nijuayo kupima.

Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi, Juu. Aliitaka rimoti. “Kichwa changu, rimoti yako? Lete!” Nikaitia mfuko wa aproni. Akanikimbiza kuzunguka cherehani, kikongwe wa miaka sitini na nane, tunacheka mpaka nikashika mbavu. Sijawahi kucheka hivyo na yule mwingine. Nisiseme uongo kwenye daftari langu.

Adhuhuri kwa ridhaa yake — “dakika kumi, nikufurahishe” — nikabonyeza Chini. Akaomba maji ya udhu. Nikamshikia birika. Akasali kwa kukaa, akaomba tasbihi kutoka kwenye msumari. Ikagonga. Nilisimama mlangoni nahesabu naye, machozi yananitoka kwa furaha.

Kisha chakula. Hakuweza. Nikachukua kijiko, akageuza uso: aibu. Miezi mitatu amekula mwenyewe, sasa kijiko kinamtia aibu. Akasema nibonyeze Juu ale, kisha nimrudishe. “Niahidi.” Nikaahidi.

Akala. Akapangusa mdomo. Nikatoa rimoti.

“Aa, aa! Nani kakuruhusu?”

“Wewe, Mama. Sasa hivi.”

“Mimi ndiye ninayesema na wewe. Nasema sitaki. Ukinibonyeza bila ridhaa yangu ni dhuluma.”

Ni kweli. Ni dhuluma. Na kuvunja ahadi ni nini? Nikabonyeza. Uso wake ulianguka kama pazia lililochomoka kwenye pete zake.

Aliponiona nalia akasema ahsante, mwanangu. Kisha akasema: “Usinifanyie tena kwa nguvu. Yule naye ni mimi.”

Jumapili, 14 Septemba

Kaka alikuja. Sikumwambia kitu, nikamwacha aingie. Mama alikuwa Chini. Akamshika Kaka uso kwa mikono yote miwili, inatetemeka, akamuuliza kama bado anaumwa na mgongo. Juu hamuulizi mtu mgongo wake. Kaka alikaa amekunja magoti kwenye kigoda, jitu zima, uso wake unatikiswa na ile mikono.

Njiani nje akaniambia: “Mbonyeze. Siwezi kumuona vile.”

“Vile anavyotetemeka?”

“Vile anavyonipenda huku anateseka.”

Hana fizikia leo. Akaondoka bila kugeuka.

Jumanne, 16 Septemba

Naandika saa tisa alasiri, mlango wa chumba cha kushonea uko wazi, namuona.

Asubuhi alikuwa Juu, ameshona sare nne, kola zimesimama kama zimechongwa. Mwenyewe kaniita. “Nishushe kidogo. Yule mwingine ana kazi na wewe, nimemsikia.” Nikashangaa. Nikamuuliza umemsikiaje? Akasema: “Nakumbuka kila kitu chake. Hakiniumi tu.”

Nikamshusha. Hakuomba maji, hakuomba tasbihi. Aliomba vipande vya koti. Nikavitoa chini ya mabaki, nikavitandaza mezani. Vipande saba na mkono mmoja. Akavipanga mwenyewe, kifua mahali pa kifua, mgongo mahali pa mgongo, mpaka baba akalala pale mezani amebapa. Akaweka kiganja. Kiganja kinatetemeka na sufu inatetemeka nacho. Bismillahi. Pumzi moja, kisha nyingi.

Nikasema Mama, niachie niliunge. Nami ni fundi, umenifunza mwenyewe.

“Nimelikata mimi. Nitaliunga mimi.”

Sindano. Uzi haukuingia. Akalamba, akajaribu, haukuingia. Nikamtungia mimi. Mshono wa kwanza ukaenda nje, sindano ikamchoma kidole, tone la damu likaingia kwenye sufu. Wa pili hivyo hivyo. Saa nzima! Mishono mitatu, na yote imepinda kama njia ya sisimizi. Nikakaa hapa nje niandike, maana nikikaa naye nitamnyang'anya.

Sasa hivi ameniita. Nimekwenda. Amesema:

“Bobini, nipandishe. Mkono ukitulia nitaliunga kwa siku mbili, hutaona hata mshono.”

“Mama, ukitulia hutalitaka. Nilishakuomba kule. Ulisema la nini.”

Akafikiri. Nilimuona akifikiri, kidevu kinacheza. Yeye anayelitaka hana mkono. Mwenye mkono halitaki.

“Kamwambie nimemuomba,” akasema. “Mwambie si kwa ajili ya baba yako. Mwambie ni kwa ajili yangu mimi.”

“Akikataa?”

“Basi usinirudishe upesi. Nitakuwa nafurahi, nawe utapumzika kidogo. Umekonda.”

Akanyoosha shingo na kufumba macho, kama watu wanaposubiri kunyolewa. Sindano bado iko mkononi, inatetemeka, uzi umening'inia. Kiganja cha kushoto kiko juu ya koti.

Nimemwambia ngoja, nimalize kuandika, Daktari anataka niandike. Nimeshamaliza kuandika. Naongeza tu maneno.

Rimoti iko kwenye aproni. Mkono wa kushoto umeshakigusa kitufe cha Juu.

Ananiita tena. “Bobini. Haya.”